Sequoyah: Sonara Aliyeipa Lugha Yake Maandishi

Kila mwaka, muhula wa kwanza unapoanza, huwapa wanafunzi wangu wa fonolojia kazi moja ambayo mwanzoni huidharau. Huwaomba waketi, bila kitabu wala kamusi, wahesabu silabi zote za Kiswahili: ba, be, bi, bo, bu, kisha cha, che, chi, cho, chu, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Dakika kumi za kwanza huwa za kicheko, maana hayo ndiyo waliyoyaimba wakiwa darasa la kwanza. Nusu saa ikipita, kicheko hukatika. Wapo wanaoisahau ng' ya ng'ombe, wapo wanaobishana iwapo neno mbwa lina silabi moja au mbili, na wapo wanaogundua kwamba hesabu imekwisha kupita mia moja na bado haijafika ukingoni. Hapo ndipo huwasimulia habari za mtu aliyeifanya kazi kama hiyo kwa lugha yake mwenyewe, bila mwalimu, bila kitabu, na bila kujua kusoma wala kuandika lugha yoyote ile duniani. Ilimchukua miaka kumi na miwili hivi. Jina lake ni Sequoyah.

Msomaji mpendwa, historia ya mwanzo wa Marekani kama inavyofundishwa katika shule nyingi huanza na Waingereza kutua Jamestown mwaka 1607, ikapitia uhuru wa mwaka 1776, ikaishia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865. Majina tunayoyakariri ni ya akina George Washington na Abraham Lincoln. Wenyeji asilia wa nchi ile, wale ambao vitabu vyetu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu, hutajwa kwa mkupuo mmoja, kama miti iliyofyekwa ili shamba lipatikane. Leo nataka tumtazame mmoja wao kwa jina lake na kwa kazi yake, kwa sababu naamini maisha yake yanatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa Kenya kuliko tunavyodhani.

Sequoyah alikuwa Mcherokee. Wacherokee waliishi katika milima ya kusini ya Appalachia, katika nchi ambayo leo imegawanywa baina ya majimbo ya Tennessee, Georgia, Alabama na Carolina zote mbili. Walikuwa wakulima wa mahindi, maharagwe na maboga, wakikaa katika miji iliyokuwa na nyumba za baraza ambamo mambo ya umma yalijadiliwa. Wageni kutoka Ulaya walipowafikia, waliuziana nao ngozi za kulungu kwa bunduki, nguo na vyungu vya chuma. Pamoja na bidhaa hizo yalikuja maradhi. Mwaka 1738 ndui iliingia nchini mwao, na inakadiriwa kuwa iliwaua karibu nusu yao.

Alizaliwa yapata mwaka 1770 katika mji wa Tuskegee, karibu na ngome ya Loudoun ambayo Waingereza walikuwa wameijenga miaka ya 1756 na 1757. Mama yake aliitwa Wuteh. Baba yake, kwa masimulizi yaliyo mengi, alikuwa mzungu aliyepita akaenda zake. Jambo hilo halikumfanya Sequoyah kuwa mtu nusu. Kwa desturi ya Wacherokee, mtoto alihesabiwa katika ukoo wa mama, naye alikuwa Mcherokee kamili aliyelelewa kwa Kicherokee, asijue Kiingereza. Ndiye huyo huyo anayetajwa katika hati za wazungu kwa jina la George Guess au George Gist.

Utoto wake uliangukia katika vita vya uhuru wa Marekani. Uhuru ule, ambao vitabu huusifu, kwa Wacherokee ulikuwa na sura nyingine. Mfalme wa Uingereza alikuwa ametoa tangazo mwaka 1763 kuwazuia walowezi wasivuke milima kwenda magharibi. Walowezi walilichukia tangazo hilo, na Wacherokee wengi waliona heri kusimama upande wa mfalme. Matokeo yake yalikuwa machungu: mwaka 1776 majeshi ya walowezi yaliichoma moto miji yao na mahindi yao yakiwa bado shambani. Kutoka hapo ardhi ya Wacherokee iliendelea kumegwa mkataba baada ya mkataba.

Mguu wake mmoja ulikuwa na kilema. Wengine husema ni maradhi, wengine husema ni ajali ya mawindo. Hujafa hujaumbika, walisema wahenga, na mtu asiyeweza kukimbia nyuma ya kulungu alihitaji riziki ya kukaa. Sequoyah akawa mhunzi na sonara. Alifua fedha akatengeneza bangili, vipuli na vijiko, akasifika kwa ufundi wake. Inasimuliwa kuwa alitaka kazi zake zitambulikane, akamwendea Charles Hicks, Mcherokee aliyejua kuandika, akamwomba amwandikie jina kwenye karatasi. Jina lile akaliiga kwa patasi juu ya fedha. Alilichonga pasipo kulisoma. Mimi huliona tukio hilo kuwa mbegu ya yote yaliyofuata: fundi anachonga jina lake mwenyewe kwa alama asizozielewa, naye anajua fika kwamba hazielewi.

Wacherokee waliziita karatasi za wazungu majani yanayosema. Wengi waliamini kuwa kuyasemesha majani ni uwezo ambao Mungu aliwapa wazungu peke yao, kama alivyowapa wao msitu na upinde. Sequoyah alilikataa wazo hilo. Kwake yeye, maandishi yalikuwa kazi ya mikono, na kilichotengenezwa na mtu mmoja chaweza kutengenezwa na mwingine. Yapata mwaka 1809 alianza kujaribu, huku rafiki zake wakimcheka.

Kabla hajafika mbali vita vikamwita. Katika miaka ya 1813 na 1814 Wacherokee walijiunga na jeshi la Andrew Jackson kupigana na kundi la Wacreek. Sequoyah, pamoja na kilema chake, alijiandikisha. Tarehe 27 Machi 1814, katika mapigano ya Horseshoe Bend, Wacherokee waliogelea wakavuka mto, wakateka mitumbwi ya adui na kumshambulia kwa nyuma, wakamsaidia Jackson kupata ushindi uliomjengea jina. Msomaji alihifadhi jina hilo la Jackson, maana tutakutana nalo tena. Kambini Sequoyah aliwaona askari wazungu wakiandika barua za nyumbani na kupokea majibu, ilhali askari wa Kicherokee aliyetoka kwake alikuwa kama aliyekufa mpaka siku atakayorudi. Aliporejea, azma yake ilikuwa imekomaa.

Sasa tuangalie kazi yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo mwanaisimu huvua kofia. Kwanza Sequoyah alijaribu kuweka alama moja kwa kila neno. Alichora kwa mkaa juu ya magome ya miti, neno baada ya neno, hata alama zikafikia maelfu naye mwenyewe akazisahau. Shamba likamea magugu. Majirani wakanong'ona kuwa ni mwendawazimu, kisha wakanong'ona neno baya zaidi, uchawi. Mke wake, inavyosimuliwa, aliyakusanya magome yote akayatia motoni. Mtu mwingine angeliacha. Yeye alianza upya, na huenda moto ule ulimfaa, maana njia aliyokuwa akiifuata haikuwa na mwisho.

Alibadilisha swali. Aliacha kujiuliza maneno ya Kicherokee ni mangapi, akaanza kujiuliza yametengenezwa kwa vipande gani. Alikwenda mikutanoni na majumbani, akakaa kimya akisikiliza watu wakizungumza, akitafuta sauti zinazojirudia. Akagundua kwamba maneno yasiyohesabika hujengwa kwa silabi zinazohesabika. Kicherokee, kama Kiswahili, hupenda silabi inayoishia na irabu. Kina irabu sita, tano zikiwa zile tuzijuazo, na ya sita hutamkwa kwa kupitisha sauti puani. Aliziorodhesha silabi moja moja, akapata alama 86, ambazo baadaye zilipunguzwa zikabaki 85. Ipo alama moja kati ya hizo inayosimamia sauti s peke yake, kwa kuwa aliisikia sauti hiyo ikisimama mbele ya konsonanti nyingine pasipo irabu. Jambo hilo dogo lanistaajabisha kuliko yote. Mtu asiyejua neno konsonanti aliona kwamba sauti hii moja haitii kanuni za wenzake, akaipa nafasi yake.

Maumbo ya baadhi ya alama aliyapata katika vitabu vya Kiingereza alivyoviona asivyoweza kuvisoma. Ndiyo maana mtu anayetazama maandishi ya Kicherokee kwa mara ya kwanza hudhani anaona herufi za Kirumi zilizopigwa kichaa. Alama yenye umbo la D husomwa a. Yenye umbo la R husomwa e, yenye umbo la T husomwa i. W ni la, H ni mi, na S ni du. Alichukua umbo, akaacha sauti. Laiti angalijua Kiingereza kidogo, nadhani kazi hii ingalimshinda, kwa kuwa angaliifuata tahajia ya Kiingereza, na wote waliowahi kufundisha tahajia hiyo wanajua ni njia ya miiba.

Hapa nakumbuka lugha yetu. Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu karne nyingi kabla ya hati ya Kirumi kushika nafasi yake, na washairi wa pwani walitunga humo tenzi ambazo hadi leo ni fahari yetu. Hata hivyo hati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu fupi, na Kiswahili kina irabu tano. Waandishi wa Lamu na Mombasa walilazimika kuirekebisha kofia ya kuazima ili iwatoshe. Sequoyah hakuazima kofia. Alikipima kichwa kwanza, ndipo akashona.

Kazi ilikamilika yapata mwaka 1821. Mwanafunzi wake wa kwanza hakuwa mzee wala shujaa. Alikuwa binti yake Ayoka, mtoto wa umri wa miaka sita hivi. Watu wazima walipokuwa wakicheka, mtoto alikuwa akijifunza, akashika alama zote. Kisha baba na binti wakaitwa mbele ya wazee ili wajaribiwe. Waliwatenganisha, mmoja akapelekwa mahali asipoweza kusikia. Wazee wakamwambia Sequoyah maneno, naye akayaandika. Karatasi ikapelekwa kwa Ayoka, akayasoma yale yale, neno kwa neno. Wakageuza zamu, ikawa hivyo hivyo. Waliokuwa wamekuja kumhukumu mchawi wakaondoka wakitaka kujifunza.

Yaliyofuata ni nadra katika historia ya elimu. Kwa mzungumzaji wa Kicherokee, mtu aliyeshika alama zile alikuwa amekwisha kujua kusoma, kwa sababu hapakuwa na tahajia ya kukariri. Vijana walijifunza kwa siku chache, wazee kwa wiki chache. Walifundishana vibarazani na njiani. Sequoyah mwenyewe alisafiri hadi Arkansas, walikohamia baadhi ya Wacherokee, akawafundisha, na barua zikaanza kwenda na kurudi baina ya jamaa waliotenganishwa na mamia ya maili. Katika miaka michache maelfu ya watu walikuwa wanasoma, na hakuna serikali ya kigeni iliyowajengea shule kwa kazi hiyo.

Wataalamu wa wakati huo walikuwa na mpango mwingine. Mwanazuoni John Pickering alikuwa ametoa mwaka 1820 insha ya kupendekeza hati moja ya Kirumi kwa lugha zote za wenyeji wa Marekani, na matayarisho ya kuandika Kicherokee kwa hati hiyo yalikuwa yameanza. Ilikuwa hati nzuri, yenye akili. Wacherokee waliiacha. Walikuwa na yao, imetoka kinywani mwao. Nasema hivi kwa unyenyekevu, kwa kuwa mimi mwenyewe ni mtu wa vyuo, na somo hilo linatuhusu sote tunaoandaa othografia za lugha za watu tukiwa ofisini.

Chanda chema huvikwa pete. Mwaka 1824 Baraza la Wacherokee lilimtunukia nishani ya fedha. Mwaka 1825 taifa likaikubali hati yake rasmi. Mwaka 1827 likajiandikia katiba. Kisha, tarehe 21 Februari 1828, katika mji mkuu wa New Echota, likatoka toleo la kwanza la gazeti la Cherokee Phoenix, safu moja kwa Kicherokee, nyingine kwa Kiingereza. Mhariri alikuwa Elias Boudinot, Mcherokee kijana mwenye elimu, na mmisionari Samuel Worcester alisaidia kupatikana kwa herufi za madini zilizosubiwa Boston kwa kufuata alama za Sequoyah. Nasi tunaosoma gazeti la lugha yetu kila asubuhi, tukalitumia jioni kufungia maandazi, ni vyema tukumbuke kwamba mahali fulani watu waliwahi kulipokea la kwao kama muujiza.

Mwaka huo huo wa 1828 Sequoyah alikwenda Washington pamoja na ujumbe wa Wacherokee wa Arkansas. Huko mchoraji Charles Bird King alimchora akiwa amevaa kilemba, kiko mdomoni, mkononi ameshika ubao wa alama zake. Mkataba uliotiwa sahihi huko ulimtengea dola 500 kwa faida aliyowapa watu wake. Mkataba huo huo uliwahamisha Wacherokee wa Arkansas wasogee magharibi zaidi. Mkono mmoja ulimpa zawadi, wa pili ukamhamisha nyumba.

Sasa tumrudie Andrew Jackson. Mwaka 1829 yule jenerali wa Horseshoe Bend alikuwa rais wa Marekani, na dhahabu ilikuwa imeonekana katika nchi ya Wacherokee huko Georgia. Tarehe 28 Mei 1830 alitia sahihi sheria ya kuwaondoa wenyeji mashariki ya mto Mississippi. Wacherokee hawakushika mikuki. Walishika kalamu na sheria. Gazeti lao lilipinga, wajumbe wao walifika katika Bunge la Marekani, na mwaka 1832 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya yule Worcester aliyekuwa amefungwa na jimbo la Georgia, kwamba sheria za jimbo hilo hazina nguvu katika ardhi ya Wacherokee. Waama walishinda mahakamani. Ushindi huo haukuwasaidia kitu. Gazeti likasimama mwaka 1834, na mwaka uliofuata askari wa Georgia wakautwaa mtambo wa kuchapia. Kikundi kidogo kisichokuwa na idhini ya taifa kilitia sahihi mkataba wa kuiachia nchi mnamo Desemba 1835. Mwaka 1838 askari waliwatoa watu majumbani kwa mtutu wa bunduki, wakawarundika kambini. Wacherokee wapatao elfu kumi na sita walihamishwa, na inakadiriwa kuwa elfu nne kati yao walikufa kambini na njiani, wengi wao katika majira ya baridi ya 1838 na 1839.

Wanafunzi wangu hufika hapa wakakasirika. Huniuliza maandishi yalikuwa na faida gani basi, ikiwa taifa lililosoma, lenye katiba na gazeti, lilifukuzwa sawasawa na ambalo halikusoma. Ni swali la haki, nami nitalijibu. Lakini kabla ya kulijibu sharti nitaje jambo jingine ambalo mpenzi wa Sequoyah angependa kulificha. Hesabu ya watu ya mwaka 1835 iliwakuta miongoni mwa Wacherokee watumwa weusi 1,592. Katiba ile ya mwaka 1827 iliwanyima kura watu wenye asili ya Kiafrika. Watumwa hao nao waliipita njia ile ya machozi, wakiwabebea mizigo watu waliokuwa wakilia kwa kunyang'anywa uhuru. Taifa laweza kujifunza kusoma na bado likashindwa kumsoma binadamu aliye mlangoni pake. Sisi wa bara hili hatuna ruhusa ya kuiruka aya hiyo.

Sequoyah alikuwa amekwisha kuishi magharibi waliohamishwa walipofika. Mapokezi yalikuwa ya vurugu. Wakazi wa zamani na wageni walishindana juu ya utawala, na Juni 1839 Boudinot, mhariri wa kwanza wa gazeti, aliuawa na Wacherokee wenzake kwa kutia sahihi mkataba wa 1835. Wakati huo mzee wa alama alisimama kama msuluhishi, akawa miongoni mwa viongozi wa wakazi wa zamani walioukubali mkataba wa umoja wa mwaka huo. Nyumba yake ya magogo, aliyoijenga mwaka 1829 katika eneo ambalo leo ni Oklahoma, ingali inasimama.

Mwaka 1842, akiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini, alifunga safari kwenda Mexico, mguu ule ule ukichechemea, kuwatafuta Wacherokee waliosemekana kuwa wamehamia huko. Alitaka wajue kuwa wana jamaa, na kwamba lugha yao sasa inaandikwa. Hakurudi. Alifariki huko mwaka 1843. Mtu aliyeanza kazi yake kwa kutaka jina lake lionekane kwenye fedha hana kaburi linalojulikana lenye jina lake.

Vita vya mwaka 1861 viliwagawanya Wacherokee kama vilivyoigawanya Marekani. Baraza la waliosimama upande wa Muungano lilifuta utumwa mwaka 1863. Upande wa pili, Stand Watie, nduguye Boudinot, aliweka silaha chini tarehe 23 Juni 1865, akiwa jenerali wa mwisho wa majeshi ya Kusini kusalimu amri. Askari wa Kicherokee waliandika barua za nyumbani kwa alama za Sequoyah. Kile alichokitamani kambini mwaka 1814, wajukuu wa kizazi chake walikipata.

Na hapo ndipo lilipo jibu la wanafunzi wangu. Maandishi hayakuiokoa ardhi. Hayakuwahi kuwa ngome, na anayefundisha kuwa elimu peke yake huzuia dhuluma anawadanganya watoto. Walichofanya maandishi ni kulihifadhi taifa lisisahaulike kwake lenyewe. Watu walitawanywa, lakini waliweza kuandikiana, kutunga sheria zao upya, kuandika dawa zao, nyimbo zao na maziko yao. Mwaka 1917 sanamu ya Sequoyah iliwekwa katika jengo la Bunge la Marekani. Mwaka 1999 alama zake ziliingizwa katika mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta. Ardhi iliandikwa kwa jina la wengine. Lugha haikuandikwa kwa jina la mtu mwingine.

Hata hivyo hadithi haikuishia kwenye sanamu. Juni 2019 mabaraza ya makabila matatu ya Wacherokee yalitangaza hali ya hatari kuhusu lugha yao, kwa kuwa waliokuwa wakiizungumza tangu utoto walikuwa wamebaki wachache, na wengi wao wazee. Alama zipo, kamusi zipo, kompyuta zipo. Watoto ndio waliopungua. Kwa miaka mingi walipelekwa katika shule za bweni ambako waliadhibiwa kwa kusema lugha ya nyumbani.

Nilipoisoma habari hiyo niliweka kitabu chini. Katika shule ya msingi niliyosoma, huku Taita, kulikuwa na kibao cha mti chenye kamba. Aliyesikika akisema Kidawida alivikwa shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Nilikivaa siku tatu kwa kuomba maji. Leo nina shahada ya uzamifu katika isimu. Naweza kuchora mpangilio wa toni za lugha ambazo sijawahi kufika zinakozungumzwa. Lakini mama yangu akiugua, ujumbe ninaomwandikia huwa wa Kiswahili, na binti yangu humwandikia kwa Kiingereza, na bibi yule huomba jirani amsomee. Hakuna aliyetufukuza katika ardhi. Kibao tulikivua zamani. Nani basi ametuzuia?

Siwaambii walimu wenzangu wakiache Kiswahili, ambacho ndicho kinachotukutanisha katika ukurasa huu, wala Kiingereza, ambacho kina kazi yake. Nawaomba jambo dogo. Juma hili mpe mwanafunzi karatasi, mwambie amwandikie bibi yake barua kwa lugha ya bibi. Atasitasita, atakosea, atauliza sauti fulani huandikwaje. Mwache asikilize kwanza, kama alivyosikiliza sonara wa Tuskegee. Udongo uwahi ungali maji. Yule mzee mwenye kilema alitumia miaka kumi na miwili kutafuta alama, lakini kazi yake ilithibitika siku mtoto wa miaka sita alipoisoma kwa sauti mbele ya wazee. Jioni hii, kabla sijalala, nitamwita binti yangu aketi karibu nami, nami nitaanza na silabi.